Mwajiri ameuza biashara: uhame na miaka yako, ulipwe uanze upya, au uchukue chako uondoke?

Barua inayosema biashara unayofanyia kazi inapata mwenyewe mpya huwa inakutaka uchague moja kati ya njia tatu, hata kama haikuzitaja zote. Ya kwanza, unahamia kwa mwajiri mpya na miaka yako yote. Ya pili, mwajiri wa zamani anakulipa haki zako mnamalizana, kisha mpya anakuajiri kama mtu aliyeingia leo. Ya tatu, unalipwa na kwenda zako. Hapa Mombasa, Kenya, hoteli za ufukweni kuanzia Nyali hadi Shanzu, kampuni za kutoa mizigo bandarini, bohari za makontena za Changamwe na Miritini, maduka makubwa, karakana za Shimanzi: kote huko biashara hubadilisha mikono, na wafanyakazi huulizana lile lile wakiwa kwenye feri ya Likoni au ndani ya matatu. Nitie sahihi au nisitie?

Ulinganisho huu ni wa yule ambaye karatasi iko mbele yake na ameambiwa airudishe Ijumaa. Hakuna njia iliyo bora kwa kila mtu. Kijana wa mwaka mmoja na nusu mapokezini na mama aliyetandika vitanda kwa miaka 11 hawawezi kupewa jibu moja, na anayewapa jibu moja hajawasikiliza.

Kwanza jua kilichouzwa ni nini

Watu wengi hukimbilia kuchagua kabla ya kujua kama kweli kuna cha kuchagua. Mauzo ni ya namna mbalimbali, na sheria huyatazama tofauti.

Kama kilichouzwa ni hisa za kampuni, mwajiri wako hajabadilika. Kampuni ni mtu mbele ya sheria. Waliobadilika ni wanaoimiliki. Mkataba wako unaendelea, miaka inaendelea, siku za likizo ni zile zile. Hakuna kuhama hapo, kwa hiyo huhitaji barua mpya ya ajira. Ukiletewa mkataba mpya katika hali hii, una kila sababu ya kuuliza unabadilisha nini, kwa maana Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mabadiliko ya masharti ya mkataba yafanywe kwa kushauriana na mfanyakazi na aarifiwe kwa maandishi.

Kama kilichouzwa ni biashara yenyewe, yaani vifaa, jina, wateja, pengine na jengo, na aliyenunua ni kampuni nyingine, hapo ndipo zile njia tatu zinapozaliwa. Uingereza ina kanuni za mwaka 2006, na Afrika Kusini ina kifungu cha 197 cha sheria yake ya kazi ya mwaka 1995, ambazo humhamisha mfanyakazi pamoja na biashara moja kwa moja, na miaka yake yote. Kenya haina kifungu kama hicho. Hapa mkataba wa kazi ni wa wewe na mwajiri wako, na hauuzwi pamoja na friji na vitanda; bila ridhaa yako, hauhami. Hiyo ni ngao. Lakini ina upande wa pili ambao watu hawapendi kuusikia: mnunuzi naye halazimiki kukuchukua.

Kuna namna ya tatu, na kwenye hoteli za pwani ni ya kawaida sana. Jengo lina mwenyewe, kampuni inayoendesha hoteli ni nyingine, na jina lililo getini ni la kampuni ya tatu iliyopewa usimamizi. Bango linaweza kushushwa na sare zikabadilishwa rangi huku mwajiri wako akiwa yule yule. Pia inawezekana bango likabaki, na mwajiri akawa ameshabadilika kimya kimya.

Utajuaje? Anza na karatasi ya mshahara. Tazama jina la kampuni lililo juu, na PIN ya mwajiri ya KRA, mamlaka ya mapato, kwenye P9, fomu ya kodi ya mshahara unayopewa kila mwaka. Jina na PIN vikibaki vile vile baada ya mauzo, yaelekea ziliuzwa hisa. Vikibadilika, una mwajiri mwingine, na kama hukutia sahihi mahali popote, kuna swali la kujibiwa. Unaweza pia kuomba kupitia eCitizen hati ya CR12, inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni. Na matangazo ya kuhamisha biashara huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Ukilisoma tangazo la aina hiyo, tafuta sentensi iliyozoeleka humo: kwamba mpokeaji wa biashara habebi madeni ya mwenye biashara wa zamani. Haki zako zisizolipwa ni sehemu ya madeni hayo.

Vigezo vitano

Kila njia nitaipima kwa mambo yale yale. Miaka yako: nani anaihesabu? Pesa: unapata nini sasa, na nini baadaye? Madeni ya zamani, kama likizo, saa za ziada na makato ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ambayo hayakufikishwa: anabaki nayo nani? Kazi yenyewe: itadumu, na kwa masharti gani? Na mwisho, mambo yakienda mrama, unamdai nani?

Kigezo cha kwanza ndicho kizito, na nitakionyesha kwa hesabu. Chukua mfanyakazi wa miaka 11 anayelipwa shilingi 36,000 kwa mwezi. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinasema anayepunguzwa kazini hulipwa si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Tukihesabu mwezi kuwa siku 30, siku 15 ni shilingi 18,000. Mara 11, ni 198,000. Ongeza mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, 36,000, na inakuwa 234,000, kabla ya kodi na bila siku za likizo alizobakisha. Shikilia hiyo 198,000. Hiyo ndiyo bei ya miaka yake, na katika kila njia swali ni nani ameibeba.

Njia ya kwanza: kuhama na miaka yako

Hapa kunakuwa na makubaliano ya watu watatu: mwajiri wa zamani, mpya, na wewe. Mpya anakubali kwa maandishi kuutambua utumishi wako tangu siku uliyoajiriwa mara ya kwanza.

Miaka. Inahama, mradi imeandikwa. Na hapa ndipo barua mbili zinazofanana kwa sura hutofautiana kwa laki mbili. Moja inasema: "Kampuni itatambua muda wako wote wa utumishi tangu tarehe uliyoajiriwa awali, pamoja na siku za likizo ulizolimbikiza." Nyingine inasema: "Tunafurahi kukukaribisha katika kampuni yetu kuanzia tarehe 1." Ya pili ina maneno matamu zaidi, lakini hiyo "kuanzia tarehe 1" imemeza miaka 11. Meneja anaweza kukuambia kwa mdomo, na kwa moyo safi, kwamba usijali, kila kitu kiko vile vile. Mwombe aandike. Meneja naye anaweza kuondoka mwezi ujao.

Pesa. Leo hupati kitu, na hilo huwauma watu, hasa wenye karo ya Januari mbele yao. Lakini tazama mbele. Tuseme baada ya miaka miwili mwajiri mpya anapunguza watu, na mshahara wa yule mwenzetu umefika 42,000. Siku 15 sasa ni 21,000, na miaka ni 13: anapata 273,000. Kama miaka yake haikutambuliwa wala hakulipwa mwanzoni, ana miaka miwili tu, na anapata 42,000. Miaka iliyohamishwa hukua pamoja na mshahara.

Madeni ya zamani. Hapa uwe mwangalifu. Kutambua miaka si lazima kuwe kukubali madeni yote. Mwajiri mpya anaweza kuihesabu miaka yako lakini asitake kusikia habari ya saa za ziada za Desemba iliyopita. Barua ya kuhama itaje kila deni na nani atalilipa. Kwa NSSF usingoje mtu akuambie. Omba taarifa ya akaunti yako mtandaoni au kwenye dawati lao Huduma Centre, uone kama kila mwezi uliokatwa umefika. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari ni lako mwenyewe.

Kazi na masharti. Mshahara, cheo, likizo na bima vinapaswa kuendelea, na mabadiliko yoyote yataka ridhaa. Huwi tena mtu wa majaribio. Katika miungano na ununuzi mkubwa unaohitaji idhini ya Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, mamlaka hiyo hutazama pia athari kwa ajira, na mara kadhaa imeidhinisha ununuzi kwa sharti kwamba wafanyakazi wasipunguzwe kwa muda fulani. Uliza kama mauzo yenu yalipitia huko na kama kuna sharti la namna hiyo. Kwa biashara ndogo kinga hiyo haipo; kinga yako ni mkataba wako na chama chako cha wafanyakazi.

Unamdai nani. Mwajiri mpya, kwa kila kitu alichokiandika. Kwa hiyo nguvu ya njia hii ni sawa na nguvu ya mnunuzi. Kama amenunua kwa mkopo mzito na tetesi za kushindwa kulipa zimeanza kabla hata hajapaka rangi kuta, miaka yako 11 iko mikononi mwa mtu ambaye huenda asiweze kuilipia.

Inamfaa mwenye miaka mingi, hasa aliyefika umri ambao kupata kazi nyingine si rahisi. Mwenye mkopo wa sacco au wa benki unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Na aliye chini ya mkataba wa pamoja wa chama wenye masharti mazuri kuliko ya kisheria. Wa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa mahotelini, au wa Chama cha Wafanyakazi wa Bandari, atafute nakala ya mkataba wake wa pamoja kabla ya kutia sahihi, maana mikataba mingine hutoa siku nyingi kuliko 15.

Njia ya pili: kulipwa, kisha kuajiriwa upya

Mwajiri wa zamani anatangaza kwamba nafasi zenu zimekwisha, anawalipa, na mnunuzi anawachukua wote au baadhi yenu kwa mikataba mipya. Wanunuzi wengi huipenda njia hii kwa sababu wanaanza na vitabu safi. Kwa mfanyakazi si lazima iwe mbaya. Inategemea ni lipi lilitangulia, malipo au sahihi.

Miaka. Inauzwa. Umelipwa 198,000 yako, na saa inaanza upya kutoka sifuri.

Pesa. Inapatikana sasa, na kwa utaratibu ulioandikwa. Kama wewe ni mwanachama, chama na afisa wa leba waarifiwe angalau mwezi mmoja kabla, wakielezwa sababu na kiwango cha upunguzaji. Kama si mwanachama, uarifiwe wewe mwenyewe kwa maandishi, na afisa wa leba pia. Likizo iliyobaki inalipwa kwa fedha taslimu. Notisi yako binafsi ni ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi mmoja, na hii ni mbali na ile taarifa ya kwanza. Waajiri wengi huzichanganya hizi mbili na kutoa moja. Halafu kuna zile siku 15 kwa kila mwaka. Mwaka 2021, katika kesi ya Cargill Kenya, Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba kushauriana na wafanyakazi ni sehemu ya utaratibu huu hata kwa wasio na chama. Kuitwa ukumbini saa kumi jioni na kupewa bahasha hakujatosha.

Rudi kwenye hesabu yetu. Amelipwa 198,000 leo. Baada ya miaka miwili, kwa mshahara wa 42,000, anapunguzwa tena na kupata 42,000 kwa miaka miwili. Jumla 240,000, dhidi ya 273,000 ya yule aliyehama na miaka. Amepoteza 33,000, lakini amezishika 198,000 miaka miwili mapema na hakubeba hatari ya mwajiri mpya kuanguka. Kwa mwenye kiwanja Mtwapa anachotaka kukimalizia, au mkopo wa riba kubwa wa kuufuta, hiyo si hasara. Kwa mwenye kuzila, ni hasara tupu.

Madeni ya zamani. Hapa njia hii inaipita ya kwanza. Kila kitu kinapigiwa hesabu na kulipwa kabla ya mlango kufungwa, na deni linabaki kwa aliyelikopa. Dai karatasi inayoonyesha kila kipengele kwa mstari wake: mishahara, likizo, notisi, malipo ya miaka, makato. Jumla moja isiyo na mistari huwezi kuikagua.

Kazi na masharti. Hapa ndipo mtego ulipo. Mkataba mpya huja na muda wa majaribio. Sheria inaruhusu hadi miezi sita, na kuongezwa miezi mingine sita mfanyakazi akikubali. Mtu aliyepika jikoni humo humo miaka 11 anajikuta tena kwenye majaribio, akipikia meza zile zile. Omba kifungu hicho kiondolewe. Wanunuzi wanaohitaji watu wenye uzoefu mara nyingi hukubali wakiulizwa na wengi kwa pamoja. Angalia pia kama mkataba mpya ni wa kudumu au wa miezi 11 au 12 unaoandikwa tena kila mwaka, na kama jina la mwajiri ni la mnunuzi mwenyewe au la wakala wa kuleta vibarua. Kwenye bohari za makontena na viwandani hili la wakala si geni: unarudi kazini kwenye geti lile lile, lakini mwajiri wako ni ofisi usiyoijua iliko.

Na kitu kimoja cha kutokubali kabisa: kulipwa "baada ya mauzo kukamilika" huku mkataba mpya unautia sahihi leo. Anayeuza akishapokea pesa zake huna tena cha kumshikia.

Unamdai nani. Wa zamani kwa yaliyopita, mpya kwa yajayo. Ni safi, ila kama wa zamani anauza kwa sababu amefilisika, usafi huo hausaidii sana. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inawapa wafanyakazi kipaumbele mbele ya wadai wa kawaida kwa mishahara ya miezi minne ya mwisho na baadhi ya haki nyingine, lakini kwa kikomo cha shilingi 200,000 kwa kila mtu. Kinachozidi hapo unasubiri foleni pamoja na waliouza mboga na samaki kwa mkopo.

Inamfaa mwenye miaka ya kati, mwenye matumizi ya maana ya fedha sasa, na kila mtu anayemwamini mnunuzi kama bosi lakini hana hakika na mfuko wake.

Njia ya tatu: kulipwa na kwenda

Malipo ni yale yale ya njia ya pili: taarifa, notisi, likizo, siku 15 kwa mwaka. Tofauti ni kwamba hakuna kazi upande wa pili, ama kwa sababu mnunuzi hakukuchagua au kwa sababu wewe hukutaka. Hili la pili lieleweke vizuri: ukikataa kuhama, hujajiuzulu. Mwajiri wako bado ni yule wa zamani, na kama hana kazi ya kukupa, njia aliyo nayo ni kifungu cha 40.

Ikiwa baadhi wanaachwa na wengine wanachukuliwa, uchaguzi uzingatie muda wa kazini, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Ukiona walioachwa wote ni wanachama, au wote ni wajawazito na wagonjwa, hiyo ni kesi. Mahakama ikiona umeachishwa kinyume cha haki inaweza kukupa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, juu ya haki zako za kawaida.

Omba cheti cha utumishi; ni haki yako kwa sheria, na mwajiri akikunyima anatenda kosa. Kwa mpishi, mhasibu au dereva wa trela, karatasi hiyo ndiyo inayofungua mlango unaofuata. Uliza pia bima ya afya ya kampuni inakoma siku gani, na mkopo wako utakatwaje. Wengi hupigiwa hesabu nzuri, kisha sacco ikachukua sehemu kubwa kabla haijawafikia.

Inamfaa mwenye ujuzi unaotafutwa, mwenye biashara yake tayari, aliyekaribia kustaafu, na yeyote ambaye masharti mapya yamemshusha kiasi cha kutotaka kubaki. Kwa aliye na miaka miwili au mitatu malipo ni madogo. Kwake swali ni kama ana pa kwenda.

Isiyohesabiwa humu ni barua ya kujiuzulu. Kuna wanaoambiwa waandike kwa mkono wao kwamba wanaacha kazi kwa hiari, "ili iwe rahisi kuwachukua upande wa pili". Anayejiuzulu hapati zile siku 15, na akifika upande wa pili hana miaka. Usiiandike, hata ukiahidiwa nini.

Karatasi ya kumalizana

Katika njia ya pili na ya tatu utawekewa mbele karatasi inayosema umepokea malipo yote na huna dai lingine lolote. Ichukulie kwa uzito. Mwaka 2018, katika kesi iliyoihusu Coastal Bottlers, Mahakama ya Rufaa ilisema kama karatasi hiyo inakufunga au haikufungi inategemea mazingira: inasema nini hasa, na je, ulitia sahihi kwa hiari yako. Kwa hiyo hesabu kamili ije kwanza, sahihi baadaye. Kama kuna kitu hukubaliani nacho, kiandike juu ya karatasi hiyo hiyo kabla ya kusaini, kwa mfano "nimepokea, isipokuwa likizo ya siku 14 ambayo haijalipwa", upige picha. Omba siku mbili tatu za kuisoma, na kama hukuielewa, mtafute wa kukusomea.

Wanaoambiwa hawamo

Vibarua huwa wa kwanza kuambiwa kwamba mauzo hayawahusu. Sheria inasema vingine. Aliyeajiriwa kwa siku lakini akafanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi huhesabiwa kama mfanyakazi wa mwezi, na akiendelea hivyo kwa miezi miwili au zaidi anastahili masharti ambayo angepata kama si kibarua tangu mwanzo. Mwanamke aliyefua mashuka kila siku tangu mwaka juzi akilipwa kwa M-Pesa kila Jumamosi si mpita njia. Jumbe za M-Pesa ni ushahidi, usizifute.

Aliye kwenye likizo ya uzazi au ya ugonjwa naye yumo kwenye orodha. Na hoteli ikifungwa kwa ukarabati baada ya kuuzwa, mara nyingi kuanzia Aprili msimu unapolala, likizo bila malipo ni jambo la kukubaliana. Huwezi kuamrishwa ukae nyumbani miezi mitano bila shilingi kisha uambiwe bado umeajiriwa.

Ukiwa katika hali hii, elekea huku

Jina na PIN kwenye karatasi ya mshahara havijabadilika: usisaini chochote kipya mpaka uelezwe kwa nini. Kwako hakuna cha kuchagua, na miaka yako haijaguswa.

Una miaka minane na zaidi, mnunuzi ana jina zuri na biashara nyingine zinazolipa vizuri: njia ya kwanza ina uzito zaidi, ila barua itaje tarehe yako ya kwanza ya kuajiriwa. Wakikataa kuitaja, geukia ya pili na udai malipo kabla ya kusaini.

Mnunuzi humjui, au unajua ana madeni: chukua malipo ya miaka sasa, kisha amua kama unaendelea naye.

Muuzaji ndiye anayezama: usimwache aondoke na deni lako. Pelekeni dai pamoja, kupitia chama au afisa wa leba, kabla mauzo hayajakamilika. Kuhama na miaka kwa mnunuzi mwenye nguvu kunaweza kukufaa kuliko ahadi ya muuzaji asiye na kitu.

Una chini ya miaka mitatu: tofauti ya pesa ni ndogo. Tazama zaidi mshahara mpya, muda wa majaribio na kama mkataba ni wa kudumu.

Umeshasaini na sasa unaona umepunjwa: nenda ofisi ya leba, au Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria ambalo lina tawi Mombasa, ukiwa na barua zote mbili, karatasi za mshahara na taarifa ya NSSF. Aliyekuwa akipata mshahara usiozidi 80,000 kwa mwezi anaweza kufungua kesi kwa hakimu aliyepewa mamlaka ya kesi za ajira. Anayezidi hapo huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo inakaa Mombasa pia. Muda wa kudai ni miaka mitatu tangu haki yako ilipovunjwa, na kuendelea kuzungumza na mwajiri hakusimamishi hesabu hiyo.